Ranganathan ni nani, na anamhusu nini mwalimu wa hisabati aliyehamishiwa maktaba ya chuo Kisumu?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Nina shahada ya hisabati na nilikuwa nikifundisha. Mwaka huu chuo kimenihamishia maktaba, eti kwa kuwa ninajua kompyuta. Kusema kweli nahisi nimewekwa kando. Kutwa ni kugonga muhuri, kurudisha vitabu kwenye rafu na kunyamazisha wanafunzi. Mkutubi wetu mkuu ameniambia nisiombe uhamisho kabla sijasoma habari za Ranganathan. Nilichopata ni orodha ya sheria tano, na kila moja ni jambo ambalo mtu yeyote angelisema. Huyu mtu alikuwa nani, alifanya nini hasa, na yananihusu nini mimi niliye hapa?

JIBU: Binti yangu, mkutubi wako mkuu anakutakia mema. Amekuchagulia mtu aliyeanzia pale pale ulipo: mwalimu wa hisabati aliyetiwa maktaba, akaichukia, akaomba arudishwe darasani.

Shiyali Ramamrita Ranganathan alizaliwa Agosti 1892 katika mji wa Shiyali, ambao leo huitwa Sirkazhi, katika nchi ya Watamil kusini mwa India. Alisomea hisabati katika Madras Christian College, akapata shahada ya uzamili mwaka 1916, kisha akafundisha Mangalore, Coimbatore na hatimaye Presidency College mjini Madras, mji tunaouita Chennai siku hizi. Alikuwa na kigugumizi, akapambana nacho mpaka akaweza kusimama mbele ya darasa bila wasiwasi. Alipenda kufundisha, na tukilisahau hilo hatutaelewa uzito wa yaliyofuata.

Mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Madras kilitangaza nafasi ya mkutubi. Waliotuma maombi walikuwa kama 900, na hakuna hata mmoja aliyesomea kazi hiyo. Ranganathan naye alikuwa hajui lolote. Siku chache kabla ya usaili alisoma makala moja ya ensaiklopidia kuhusu maktaba, basi. Wasaili walitaka mtu aliyezoea utafiti, na yeye alikuwa na makala kadhaa za hisabati. Akapewa kazi, akaanza Januari 1924.

Haikupita wiki akawa mlangoni kwa wakubwa akiomba kurudi darasani. Hakulalamikia mshahara. Kilichomshinda kilikuwa upweke: kukaa kutwa nzima na vitabu ambavyo karibu hakuna anayekuja kuvisoma. Walipatana hivi: aende London akasomee ukutubi, na akirudi akiwa bado hataki, kiti chake cha darasani kitakuwa kinamngoja.

Akaenda University College London, akafundishwa na W. C. Berwick Sayers, ambaye mbali na kufundisha alikuwa mkuu wa maktaba ya mji wa Croydon. Sayers hakumfungia mwanafunzi wake darasani. Alimtuma kuzunguka maktaba za Uingereza ajionee zinavyofanya kazi, na hapo ndipo Ranganathan alipobadilika. Alikuta maktaba zenye watoto, maktaba za wafanyakazi wa viwandani, akina mama wanaoazima vitabu kama wanavyokwenda sokoni. Kwao Madras maktaba ilikuwa ghala lenye mlinzi. Aliporudi mwaka 1925 hakukumbusha tena habari ya kiti cha darasani. Alikaa katika maktaba ile karibu miaka 20.

Sasa tuje kwenye sheria tano, maana ndizo zilizokukatisha tamaa. Kwa Kiswahili tunaweza kuziweka hivi. Vitabu ni vya kutumiwa. Kila msomaji na kitabu chake. Kila kitabu na msomaji wake. Okoa muda wa msomaji. Maktaba ni kiumbe kinachokua. Alizichapisha mwaka 1931 katika kitabu chake The Five Laws of Library Science.

Unasema mtu yeyote angezisema. Ni kweli, na wewe ndiwe unayepaswa kuliona hilo kuwa sifa, kwa sababu umesoma jiometri. Ukisoma kwamba nukta mbili huunganishwa na mstari mmoja ulionyooka, hukusema kwamba hata mtoto analijua. Ulijua kwamba huo ni msingi, na kwamba kazi inaanza unapouliza: tukikubali hili, ni nini kingine kinachotulazimu kukikubali? Ranganathan alikuwa amechoka kuona ukutubi ukifundishwa kama rundo la desturi: fanya hivi, pigia mstari hapa, bandika karatasi pale. Akatafuta kauli chache ambazo mambo mengine yote yangetoka ndani yake. Ile ya kwanza haikumjia peke yake, bali ilitokana na mazungumzo na Edward B. Ross, yule yule aliyemfundisha hisabati chuoni. Ukikisoma kitabu chenyewe badala ya orodha, utaona kwamba kila sheria inafuatwa na kurasa nyingi za matokeo yake, moja baada ya jingine, kama uthibitisho wa kanuni.

Chukua ya kwanza. Ukikubali kwamba vitabu ni vya kutumiwa, hutakubali kwamba ni vya kuhifadhiwa tu. Na Ranganathan anakumbusha zama ambazo vitabu vya Ulaya vilifungwa minyororo kwenye rafu. Mnyororo ukiondoka, maswali yanafuatana. Maktaba iko wapi: katikati ya njia za watu, au nyuma ya ofisi ya uhasibu ambako hakuna anayepita? Inafunguliwa saa ngapi: saa ambazo msomaji ana nafasi, au saa ambazo karani ana nafasi? Rafu ya juu inafikiwa na nani? Kiti kinakalika kwa saa mbili? Anayekaa kaunta ni mtu anayependa kuulizwa, au amewekwa hapo kwa kuwa hakuna pengine pa kumweka? Yote hayo yamo ndani ya sentensi ya maneno manne.

Jaribu kulitendea hilo jengo lenu. Ikiwa wanafunzi wenu wa jioni wanashuka matatu za kutoka Ahero au Maseno saa kumi na moja na nusu, na maktaba imefungwa saa kumi na moja, sheria ya kwanza imevunjwa kila siku ya juma, na hakuna aliyeandikiwa barua ya onyo. Ranganathan aliongeza saa za kufungua maktaba ya Madras, akawaruhusu wasomaji kuingia wenyewe kati ya rafu badala ya kuandika karatasi na kungoja dirishani, na akaweka watu ambao kazi yao ilikuwa kumsaidia msomaji kupata anachotafuta. Leo tunaona hayo ni kawaida. Hayakuwa kawaida.

Nataka pia uuone mwaka wenyewe. Mwaka 1931, kitabu hicho kikitoka Madras na kusema kila msomaji ana haki ya kitabu chake, Nairobi ilifunguliwa maktaba ya McMillan, jengo la nguzo na simba wa mawe. Ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi 1958. Chini ya utawala ule ule wa Mwingereza, Mhindi mmoja alikuwa akiandika kwamba neno “kila” halina mipaka: tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, wa mjini na wa kijijini, mfungwa na kipofu. Ndiyo maana nikisikia mwanafunzi wa ukutubi akizikariri sheria tano kama shairi la darasa la nne huwa ninaumia. Ile ya pili ilikuwa dai la kisiasa, na hata leo katika kaunti zetu bado ni dai.

Sheria ya nne, okoa muda wa msomaji, ndiyo ninayoithamini zaidi kuliko zote, na ndiyo iliyomfikisha kwenye kazi yake kubwa ya pili, uainishaji wa vitabu. Hapa hisabati yako itakufaa moja kwa moja, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Akiwa London aliona kwamba maktaba nyingi zilipanga vitabu kwa mfumo wa Melvil Dewey wa Marekani, uliotoka mwaka 1876. Dewey aligawa elimu yote mafungu kumi, kila fungu kumi tena, na kila mada ikapewa nambari yake mapema. Tatizo ni kwamba mada mpya huzaliwa kila siku na orodha imeshaandikwa. Nenda kwenye rafu za lugha katika maktaba yoyote ya umma inayotumia Dewey uone. Kiingereza kimepewa 420 na kuendelea, Kijerumani 430, Kifaransa 440, Kitaliano 450, Kihispania 460, Kilatini 470, Kigiriki 480. Lugha zote nyingine za dunia zimesukumwa katika 490, na nyingi za Kiafrika ziko ndani ya 496. Dholuo, Kiluhya, Kigusii, Kiswahili, Kizulu, sote tumebanwa chumba kimoja huku Kilatini, ambacho hakuna anayekizungumza nyumbani, kina nyumba nzima. Ndiyo maana kitabu chembamba cha sarufi ya Kiluhya huwa na nambari ndefu mgongoni kuliko cha Kiingereza.

Basi siku moja Ranganathan aliingia duka la Selfridges mjini London, akakuta muuzaji akionyesha kichezeo cha Meccano: vipande vya chuma vyenye matundu, skrubu na nati. Kwa vipande vile vile muuzaji aliunda gari, akalibomoa, akaunda kreni. Ranganathan akaona jibu lake. Usiandike orodha ya mada zote za dunia. Andika orodha fupi za vipande, na upe watu skrubu ya kuviunganisha. Skrubu yake ya kwanza ilikuwa nukta mbili, zile tunazoandika kabla ya kunukuu, na mfumo wenyewe ukaitwa Colon Classification. Ulichapishwa mwaka 1933.

Vipande hivyo aliviweka katika makundi matano: kitu chenyewe kinachozungumzwa, malighafi au sifa yake, kitendo kinachofanyika, mahali, na wakati. Mfano unaofundishwa kila mahali ni utafiti kuhusu kutibu kifua kikuu cha mapafu kwa eksirei, uliofanyika India mwaka 1950. Nambari yake ni L,45;421:6;253:f.44'N5. Inatisha kwa macho, lakini isome polepole. L ni tiba. 45 ni mapafu. 421 ni kifua kikuu. 6 ni matibabu. 253 ni eksirei. Herufi f ni utafiti. 44 ni India. N5 ni mwaka 1950. Kila alama ya kituo inakuambia kipande kinachofuata ni cha kundi gani. Hakuna aliyekaa chini kuiwazia mada hiyo mapema. Nambari imejijenga yenyewe.

Sasa fanya hivyo kwa tasnifu ya mwanafunzi wenu. Tuseme ameandika juu ya ukaushaji wa omena, wale dagaa wa ziwani, kwa jua katika fuo za Kisumu miaka ya 1990, wakati gugumaji lilipoziba ghuba ya Winam. Kitu ni omena. Kitendo ni kukausha, na njia yake ni jua. Mahali ni Kisumu. Wakati ni miaka ya 1990. Kwenye mfumo wa orodha, karani atalazimika kuchagua: aiweke kwa samaki, kwa uhifadhi wa chakula, au kwa habari za Ziwa Victoria? Popote atakapoiweka, wasomaji wawili kati ya watatu hawataiona. Ranganathan anasema usichague. Vunja mada katika vipande, vitaje vyote, na msomaji aingilie mlango anaoujua.

Nikuambie ukweli, mfumo wenyewe haukushinda. Hata India kwenyewe maktaba nyingi ziko kwa Dewey, na vyuo vikuu vingi duniani, vyetu vikiwamo, vinafuata ule wa maktaba ya bunge la Marekani. Nambari zake zilikuwa nzito kwa karani na nzito zaidi kwa mwanafunzi, na matoleo mapya yaliyobadilisha alama mara kwa mara yaliwachosha hata waliompenda. Hapo nadhani alikosea dhidi ya sheria yake mwenyewe ya nne. Lakini wazo lilipenya. Kikundi cha wakutubi wa London kilichoanzishwa mwaka 1952 kulijadili suala la uainishaji kililichukua likawa msingi wa kazi yao, na kompyuta zilipokuja likapata mwili uliolifaa. Ukitafuta simu mtandaoni ukachagua bei upande mmoja, rangi upande mwingine, kampuni kwingine, kisha orodha ikajipunguza mbele ya macho yako, vichujio hivyo vimejengwa juu ya fikra hiyo ya kuvunja kitu katika pande zake. Wewe uliyeletwa maktaba kwa sababu ya kompyuta ndiwe unayeweza kuuendeleza upande huu wa kazi yake, kuliko mtu aliyekariri nambari za mgongoni.

Maisha yake mengine nitayapitia haraka. Alianzisha chama cha maktaba cha Madras mwaka 1928, na mwaka uliofuata mafunzo ya wakutubi, ambayo chuo kikuu kilikuja kuyachukua. Mwaka 1934 alitoa kanuni za katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba. Inasimuliwa kwamba katika miaka yote ya Madras hakuchukua likizo, na kwamba siku aliyofunga ndoa yake ya pili alirudi kazini alasiri. Wengi wanalisimulia hilo kwa sifa. Mimi silisifu, na nakuomba usiliige; ana mengi ya kuigwa, hilo si mojawapo. Mwaka 1945 alihamia Banaras, ambako inasemekana aliainisha vitabu vipatavyo 100,000 karibu peke yake, kisha Delhi kuanzia 1947. Mwaka 1962 alianzisha Bangalore kituo cha utafiti na mafunzo ya nyaraka, akafariki mji huo huo tarehe 27 Septemba 1972. Mwaka 1957 alikuwa amekabidhi akiba yake, rupia 100,000, kwa Chuo Kikuu cha Madras ili kianzishe kiti cha uprofesa wa ukutubi chenye jina la mkewe Sarada.

Jambo moja katika hayo halistahili kupitiwa haraka, nalo ni sheria ya maktaba za umma ya Madras ya mwaka 1948, ya kwanza ya aina yake katika India huru. Ranganathan aliihangaikia kwa miaka mingi. Ndani yake mna kodi ndogo inayotozwa juu ya mali kwa ajili ya maktaba tu. Alijua kwamba maktaba inayongoja huruma ya bajeti itakuwa ya kwanza kukatwa, kwa sababu rafu tupu haipigi kelele kama hospitali isiyo na dawa. Kwetu, bodi ya maktaba za taifa iliundwa kwa sheria mwaka 1965, na katiba ya 2010 ikazitaja maktaba kuwa kazi ya kaunti. Lakini kuitaja kazi si kuitengea fedha. Yeyote wa Kisumu, Kakamega, Vihiga au Siaya anayetaka kulisukuma jambo hili katika bunge la kaunti angefanya vizuri kuanza kwa kuisoma sheria hiyo ya Madras, kwa sababu iliandikwa na watu ambao hawakuwa na pesa nyingi kuliko sisi.

Umeuliza yanakuhusu nini. Nakushauri ufanye kazi moja kabla muhula haujaisha. Kaa kaunta na daftari. Kila mwanafunzi anayeondoka bila alichokuja kutafuta, andika alichotafuta, kwa maneno yake mwenyewe, na kwa nini amekikosa: hakipo, kipo lakini kimepotea rafuni, kipo lakini katalogi inakiita jina jingine, au aliona haya kuuliza. Usisahau wa aina hiyo ya mwisho. Ukiwatazama utawajua kwa jinsi wanavyozunguka rafu moja mara tatu kisha wakatoka. Juma chache zitakupa jedwali. Wewe unajua la kufanya na jedwali. Kama wengi wamekwama kwa sababu ya katalogi, una kesi ya kuipelekea idara ya kompyuta. Kama wengi wamekosa kwa sababu nakala ni chache, una kesi ya bajeti, yenye tarakimu, na wakuu wa vyuo huziogopa tarakimu kuliko malalamiko. Hivyo ndivyo Ranganathan alivyofanya kazi: alimtazama msomaji kwanza, akahesabu, kisha ndipo akaandika kanuni.

Kuhusu uhamisho, fanya mapatano kama yake. Mwombe mkuu wako akuruhusu usome ukutubi rasmi kabla ya kuamua. Si lazima uende London. Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikifundisha sayansi ya habari huko Eldoret tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wahitimu wake wamejaa katika maktaba za magharibi mwa Kenya. Andikeni kwamba ukimaliza na bado unalitaka darasa la hisabati, utarudishwa. Kisha tafuta kitabu chenyewe cha 1931, si muhtasari wake. Kimeskaniwa na kinasomeka mtandaoni bila malipo. Anza na sura ya sheria ya kwanza, ile ya minyororo na saa za kufungua, uache zile za uainishaji mpaka daftari lako la kaunta liwe na kurasa kadhaa.